Msimu umegeuka: kabla hujanunua rafu mpya, soma huu uzi (mwekundu)

SindanoButu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Msimu wetu wa pilika umeisha wiki iliyopita. Sisi mafundi cherehani tunaujua mwisho wake bila kalenda. Asubuhi moja unafungua mlango na hakuna mzazi aliyesimama nje akikuuliza "mbona jana uliniambia kesho?" Shule zimefunguliwa, sare zimevaliwa, kimya kimetanda. Sakafuni vipande vya kitambaa, bobini zimeviringika chini ya meza, na kidole gumba cha mkasi kinauma mpaka kushika kikombe ni kazi.

Hapa ndipo nilipokuwa nakosea kila mwaka. Kwanza nalala. Napumzika wiki tatu nzima nikijiambia nimestahili. Halafu naamka na ari ya usafi, naenda kununua rafu. Mwaka juzi ilikuwa rafu moja ya ukutani. Mwaka jana zikawa mbili, pamoja na maboksi ya plastiki yenye vifuniko, nikayaandika kwa kalamu nene: VIFUNGO, ZIPU, BITANA, MENGINEYO. Pakapendeza, wateja wakasifu. Miezi michache baadaye nikawa natafuta zipu nyeusi ya inchi nane kama aliyepoteza pete mchangani. (Ilikuwa kwenye MENGINEYO. Kila kitu kilikuwa kwenye MENGINEYO.)

Mwaka huu nikajaribu jambo la kijinga kidogo. Kabla pilika hazijaanza nilikata vipande vya uzi mwekundu, kila jora dukani nikalifunga kimoja. Sharti moja tu: siku nitakayolikata jora kwa mara ya kwanza, naukata na uzi wake. Sikuandika chochote, maana msimu ukishika moto hakuna anayeandika. Juzi nikakaa kwenye kiti nikautazama ukuta. Majora yote ni 34. Yaliyokuwa bado na uzi mwekundu ni 19.

Kumi na tisa, wakuu. Zaidi ya nusu ya vitambaa vyangu vilipita msimu mzima bila kuguswa na mkasi, na mimi kwa miaka miwili nimekuwa nikivijengea nyumba. Zile rafu hazikuwa za biashara, zilikuwa za wageni wasiolipa kodi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na mnaruhusiwa kuipasua: msimu ukigeuka, punguza kwanza ndipo upange. Na upunguze sasa hivi, siku chache hizi msimu mmoja unapotoka na mwingine haujakaa sawa, wakati bado unakumbuka nini kilikimbia na nini kilikaa. Ukingoja miezi miwili utaanza kulionea jora huruma. Utalipapasa, utasema "hili zuri, litapata mtu wake." Huruma ya duka huwa inaanza pale kumbukumbu inapoisha.

Mambo mengine mawili niliyobadilisha, kwa kifupi.

Oda zilikuwa zinaniingilia kwa milango minne: simu, ujumbe, kikaratasi cha mteja, na mdomo mtupu ("fundi, kama ile ya mwaka jana"). Msimu huu nimeshona sketi sita mara mbili. Mimi nilishona kwa vipimo vya ujumbe, msaidizi wangu akashona kwa vipimo vya kikaratasi, mteja yuleyule, watoto walewale. Sasa lipo daftari moja, limefungwa kamba kwenye mguu wa meza. Ukipiga simu naandika daftarini. Ukituma ujumbe nanakili daftarini kisha nakujibu namba ya ukurasa. Isiyo na namba ya ukurasa si oda, ni maongezi.

La pili, ubao wa nje ulikuwa unatangaza mishono 16. Nimefuta tisa. Magauni ya kushonea shanga kwa mkono nimeyaaga rasmi. Gauni moja lilikuwa linakula siku ambazo ningeshona sare 12, na faida yake haikufikia ya sare tano. Anayelitaka namwelekeza kwa fundi mwenzangu anayelipenda.

Karibuni. Nyie msimu ukigeuka mnafanyaje?

---

Kufuli

Uzi mzuri mkuu, ila naupinga.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Mvua zikianza watu wanaacha kujenga, nusu ya duka inalala. Nikifunga nyuzi zako wakati wa mvua nitajikuta nauza duka zima kwa bei ya kutupa, halafu kiangazi kikirudi nanunua vilevile kwa bei ya juu. Bati haliombi chakula. Bawaba haizeeki. Mali ikilala imelala tu, siku yake inakuja. Nina kufuli nilizokaa nazo miaka minne na mwaka huu mtu amebeba mbili kwa mpigo.

---

Mpita Njia

Ndefu sana. Nani atoe muhtasari?

---

FundiSpoku

Mpita Njia: funga uzi, kata uzi. Jora lililobaki na uzi, uza. Haya endelea na safari.

---

SindanoButu

> Kufuli amesema: Mali ikilala imelala tu, siku yake inakuja.

Mkuu umegusa kitu ambacho nilipaswa kukisema mwanzoni. Katika yale 19, saba ni vitambaa vizito vya makoti. Hayo sijayagusa na wala hayana kosa. Nani anashona koti wakati wa joto? Koti halihukumiwi wakati wa joto. Lingoje baridi, na baridi ikipita bila mtu kuliulizia, hapo ndipo lina kesi ya kujibu.

Yanayonihusu ni yale 12 mengine. Ni vitambaa vya sare, msimu wake ulikuwa huu, wateja walijaa mlangoni mpaka usiku, na bado hayakukatwa hata nusu mita. Sasa yanangoja nini?

Kwa hiyo kwako wewe uzi unafungwa mwanzo wa kiangazi na unasomwa mwisho wa kiangazi. Ukiufunga wakati wa mvua utakudanganya. Na zile kufuli za miaka minne, samahani mkuu, mbili zimetoka. Zimebaki ngapi?

---

Kufuli

Zimebaki 22. Usinicheke.

---

Mizani

Nimecheka mimi kwa niaba yake.

Nimeshika hesabu za maduka madogo kwa muda mrefu, niongeze kitu kwa Kufuli. Swali la "nililinunua kwa bei kubwa" liache, pesa hiyo ilishatoka na hairudi kwa kuitazama. Jiulize hivi: leo ningekuwa na pesa taslimu ambayo kufuli hizi 22 zingeniletea hata kwa hasara, ningetoka nikanunue kufuli hizi? Kama jibu ni hapana, basi kila siku unayozihifadhi unazinunua upya kwa pesa ambayo ingenunua misumari inayokwisha kila wiki. Tena hapo hatujahesabu nafasi, kutu, na muda wa kuzifuta vumbi.

Ila nataka kurudi kwenye neno "msimu", maana wengi tunalitumia kwa hisia. Mtu anasema "mwezi wa sita huwa mbaya." Mbaya kiasi gani? Chukua mauzo ya miezi 12, jumlisha, gawanya kwa 12, umepata wastani. Kisha mauzo ya kila mwezi yagawe kwa wastani huo. Mwezi ukitoa 1.7 ujue umebeba karibu miezi miwili mgongoni. Ukitoa 0.4 haujafika hata nusu ya mwezi wa kawaida. Ukiwa na madaftari ya miaka miwili au mitatu, chukua namba za mwezi uleule kwa miaka yote utafute wastani wake, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kukudanganya: mvua zilichelewa, barabara ilifungwa, mwenyewe uliumwa.

Faida ya zoezi hili ni kwamba unaacha kushangilia na kulia ovyo. Kulinganisha mwezi huu na uliopita ni kulinganisha bonde na mlima. Linganisha na mwezi huuhuu wa mwaka jana, ndipo utajua kama unapanda au unashuka.

Na kuna hesabu moja nyingine ambayo ningetamani kila mwenye duka aifanye leo, kabla pesa ya pilika haijatawanyika. Tuseme pango, umeme na mshahara vinakula mafungu 10 kila mwezi, uuze usiuze. Miezi ya ukimya ni minne, na kila mmoja unakuletea faida ghafi ya mafungu 6, yaani mauzo ukishatoa gharama ya mali iliyouzwa. Pengo ni 4 kwa mwezi, mara miezi minne ni mafungu 16. Hayo 16 yaweke pembeni sasa. Hayakuwa faida yako hata siku ulipoyashika mkononi, ulikuwa unaitunzia pesa miezi inayokuja. Biashara nyingi ndogo nilizoziona zikifa kwenye msimu wa ukimya zilikuwa na msimu wa pilika mzuri tu. Pesa ilionekana nyingi, ikanunua rafu.

---

SindanoButu

"Ikanunua rafu." Ahsante, nimepata ujumbe.

---

KijanaWaStoo

Naunga mkono hoja ya kupunguza kwanza. Nimefanya kazi stoo za viwanda, tulikuwa na mfumo wa Kijapani wanaouita S tano: seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke. Watu wengi wanaufahamu kama "usafi na mpangilio", wanabandika bango ukutani wanaishia hapo. Ila angalia mfuatano wake. Seiri, ya kwanza, ni kuchambua: kinachohitajika kibaki, kisichohitajika kitoke. Seiton, kupanga kila kitu mahali pake, ni ya pili. Usafi ni wa tatu. Halafu ndipo unaweka utaratibu, na mwisho mazoea. Sindano ameruka seiri miaka miwili mfululizo akaanzia seiton. Na rafu ni seiton.

Tulikuwa na njia ya lebo nyekundu pia, inafanana na uzi wake. Kitu ukikitilia shaka unakibandika lebo nyekundu yenye tarehe, unakihamishia pembeni. Muda mliokubaliana ukipita hakuna aliyekifuata, kinaondoka bila mjadala. Inasaidia sana mahali penye watu wawili wasiokubaliana, kwa mfano mume na mke wenye duka moja. Sitaji mtu.

---

Namba Tano

Wakuu si mseme tu ile kanuni ya 80 kwa 20? Asilimia 20 ya bidhaa inaleta asilimia 80 ya pesa. Futa asilimia 80 nyingine, maisha yaendelee.

---

Mizani

Polepole ndugu yangu. Vilfredo Pareto, Mtaliano aliyeanzisha mazungumzo hayo mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa anatazama mgawanyo wa ardhi na mapato. Joseph Juran, mtaalamu wa ubora, ndiye aliyelihamishia wazo hilo viwandani katika karne ya 20: makosa machache ndiyo yanayoleta hasara nyingi. Ni jicho zuri la kutazamia, ila si sheria. Daftari lako linaweza kusema 60 kwa 30, au likasema kitu kingine kabisa.

Tena panga kwa faida, usipange kwa mauzo peke yake. Kuna bidhaa inauzika sana na haikuachii kitu.

Halafu kuna vitu vidogo vinavyoleta watu. Kwa Sindano, vifungo. Vifungo havina faida ya maana, lakini mtu aliyefuata kifungo kimoja ndiye anayerudi na suruali ya kupunguza. Ukiondoa vifungo kwa sababu ya asilimia, umeondoa na mlango. Kabla hujafuta kitu uliza: anayekuja kuchukua hiki huwa anaondoka na nini kingine?

---

FundiSpoku

Mimi natengeneza baiskeli. Kiangazi foleni, mvua usingizi. Nitachangia kwenye kuagiza mali, maana huko ndiko nilikoumia.

Nilikuwa na kanuni moja mwaka mzima: tyubu zikibaki 25, agiza. Kiangazi zilikuwa zinakwisha kabla mzigo haujafika, mvua nakaa na tyubu mpaka mpira unakakamaa. Kosa ni kwamba msimu ulibadilika, namba haikubadilika.

Sasa nahesabu hivi: ninauza ngapi kwa siku, mara siku za kungoja mzigo, ongeza akiba ya siku mbili. Kiangazi nauza tyubu 3 kwa siku, mzigo unachukua siku 7. Hiyo ni 21, na akiba 6, jumla 27. Zikibaki 27 naagiza. Wakati wa mvua nauza 1 kwa siku: 7 na akiba 2, jumla 9. Kutoka 27 hadi 9! Kwa kanuni yangu ya zamani ya 25, zile 16 za ziada ndizo zilikuwa zinalala kwangu kila mvua, na hapo ni tyubu tu, sijataja tairi, breki na minyororo.

Kwa vitu vidogo kama spoku na nati siwezi kuhesabu kila siku, natumia makopo mawili. Kopo la mbele natumia, la nyuma limefungwa. La mbele likiisha, naagiza siku hiyohiyo na nafungua la nyuma. Kopo tupu ndilo daftari langu. Toyota walikuza utaratibu wa namna hii wakauita kanban, na mhandisi wao Taiichi Ohno alieleza kwamba wazo alilitoa kwenye supamaketi za Marekani, ambako rafu inajazwa kwa kadiri mteja alivyochukua. Mimi nimetoa kwenye makopo ya rangi. Msimu ukigeuka nabadilisha ukubwa wa kopo, basi.

---

Kufuli

Hii ya makopo naichukua. Hamjanishinda, nimeazima.

---

MamaKaratasi

Habari za humu. Nachapisha kadi, kalenda na madaftari. Nyie wenzangu mnalalamika vitambaa vimelala, kalenda ikifika Februari ni karatasi ya kufungashia. Kwa hiyo kupunguza mali nilishajifunza kwa nguvu: kuanzia katikati ya Novemba sichapishi bila oda iliyolipiwa nusu.

Swali langu ni la mtu. Nina msaidizi mmoja, kijana mzuri, anajua mashine kuliko mimi. Kuanzia Machi kazi ni ya siku mbili kwa wiki. Kupunguza karatasi ni rahisi. Yeye nampunguzaje? Nikimwachia aende, Oktoba simpati tena. Nikimlipa akae bure, pengo la Mizani linakuwa kubwa.

---

FundiSpoku

Dada, mimi ninaye mmoja tulikubaliana mapema, kabla ya msimu, kwamba likizo yake anaichukua wakati wa mvua. Na kazi za kufumua mashine, kupaka mafuta, kukarabati meza, zote tunazirundikia huko. Siyo suluhisho lote ila linajaza wiki kadhaa.

---

KijanaWaStoo

Nikiongea kama niliyewahi kuwa huyo msaidizi: mwambie mapema. Kilichokuwa kinatuumiza si kupunguziwa siku, ni kujua Ijumaa kwamba Jumatatu usije. Ukimwambia Januari kwamba Machi ni siku mbili, atatafuta kibarua cha siku tatu pengine na Oktoba atarudi. Pia muulize yeye. Mara nyingi anayeshika mashine anajua kazi gani ya msimu wa ukimya wateja huulizia mkiikataa.

---

Mizani

Mamy, kimahesabu: linganisha mshahara wa siku zile tatu kwa miezi yote ya ukimya na gharama ya kumfundisha mgeni mwezi Oktoba, ukiongeza karatasi zitakazoharibika na oda zitakazochelewa. Sikupi jibu, kwa sababu kwa wengine kumlipa kunatoka nafuu na kwa wengine hapana. Kama mna mkataba, soma unasemaje kuhusu kupunguza saa kabla hujafungua mdomo.

---

MamaKaratasi

Nimemuuliza leo. Ameniambia watu wamekuwa wakija kutaka madaftari ya risiti yenye namba, anawaambia hatufanyi kwa sababu mimi nilisema hatufanyi. Nilisema hivyo lini? Sikumbuki.

---

SindanoButu

Dada umenigusa. Hapa ndipo penye kitu ninachotamani kila mtu akianze kesho: daftari la HATUNA. Kila mteja akiulizia kitu ukamjibu "hatuna" au "hatufanyi", chora mstari mmoja kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mbele ya jina la kitu hicho. Mstari tu, sekunde mbili.

Mauzo yanakuonyesha ulichouza. Uzi mwekundu unakuonyesha usichouza. Ila aliyeondoka mikono mitupu haonekani popote, hana risiti, hana jora. Kwangu karatasi ya msimu huu ina mistari 31 mbele ya "kurekebisha sare ya zamani", kurefusha pindo, kubadilisha zipu, kuongeza kiuno. Niliwakataa wote kwa sababu nilikuwa nashona mpya. Hiyo kazi haihitaji jora hata moja. Inahitaji sindano na zipu, na sehemu kubwa yake inaweza kufanyika wakati huu wa ukimya kabla watoto hawajarefuka tena.

Ndiyo maana narudia kwamba kupunguza si kubana. Ile mishono tisa niliyofuta imenifungulia nafasi ya huu mmoja.

---

Mzee wa Leja

Nimewasoma wote kimya. Mmezungumza vitambaa, tyubu, kalenda. Hakuna aliyetaja mali kubwa kuliko zote iliyolala nje ya duka: madeni.

Wakati wa pilika mnakopesha kwa haraka, "chukua, utaleta." Deni la msimu ni kama chuma cha mhunzi, lina saa yake ya kulifua. Wiki mbili za kwanza baada ya pilika mzazi bado anaiona ile sare ikiwa mpya, bado anawaona watoto wakienda nayo shule, na aibu anayo. Miezi mitatu baadaye sare imechafuka, na wewe ndiye unayeonekana msumbufu.

Kaa na daftari. Chora safu nne: deni chini ya siku 30, la 30 hadi 60, la 60 hadi 90, na lililozidi 90. Piga simu ukianzia lile changa, usianze na sugu. Vijana wengi wanaanza na sugu kwa sababu ndilo linalowauma, wanamaliza siku nzima wanagombana na mtu mmoja, huku changa kumi zinakomaa nyuma yao.

Na wewe unayedaiwa na wenye mali, usijifiche. Nenda kabla hawajaja, mpangie tarehe. Kwenye miezi ya ukimya utamhitaji huyo mtu kuliko mteja.

---

SindanoButu

Shikamoo Mzee. Nimefungua daftari sasa hivi. Nilidhani wanaodaiwa ni saba au nane. Ni 23. Naomba nitoke jukwaani kidogo.

---

Namba Tano

Nimerudi. Nimepanga bidhaa zangu kwa faida kama Mizani alivyosema. Niliyokuwa naiona mfalme wa duka ni ya kumi na moja. Sina la kuongeza.

---

SindanoButu

MREJESHO, wiki ya tano.

Yale majora 12 yenye kesi: manne aliyeniuzia amekubali kuyapokea, tukabadilishana na mawili ya rangi zinazotoka, nikaongeza kidogo. Hasara ipo, nimeiandika kwa jina lake. Matano amechukua fundi wa mapazia, yeye hajali kwamba rangi haifanani na shule yoyote. Mawili tumeyakata mikoba, msaidizi wangu ndiye anayeshona kati ya marekebisho na marekebisho. Limebaki moja.

Rafu mbili nimezing'oa. Moja imekuwa meza ya kukunjulia nguo za kurekebisha. Boksi la MENGINEYO tulilimwaga sakafuni tukagawana vilivyomo, tukakuta futi kamba tatu na miwani yangu ya mwaka jana.

Madeni: 23 yamekuwa tisa. Changa kwanza, kama Mzee alivyosema. Mmoja alilipa akaleta na suruali mbili za kupunguza.

Kilichoniharibikia nacho nikiseme. Mteja mmoja wa zamani amechukia habari za namba ya ukurasa. Anasema amekuwa anakuja kwangu miaka yote kwa mdomo na leo namfanyia uofisa. Nimeandika mwenyewe daftarini mbele yake, nikamwambia ukurasa wake ni wa 14, akaondoka bila kuaga. Sijui kama atarudi.

---

FundiSpoku

Mkuu hujasema. Lile jora moja lililobaki lina nini?

---

SindanoButu

Ni la kijani. Ndilo la kwanza kulinunua nilipofungua duka. Uzi mwekundu bado upo. Tusijadili.

---

Kufuli

Sikiliza nikwambie, kiangazi kimeanza huku. Nimefunga nyuzi jana usiku, mpaka kwenye zile kufuli 22.

Siahidi kwamba nitazisoma.